Mpima Ulinzi: Kutafuta Jina la Mdukuzi Aliyepewa Idhini

Miongoni mwa maswali ambayo watafsiri, walimu na maofisa wa serikali hutuuliza, lipo moja ambalo kwa juu juu laonekana dogo, lakini likichunguzwa huwa na uzito mkubwa. Swali lenyewe ni hili: mtu anayelipwa ili avunje ulinzi wa kompyuta za yule aliyemwajiri, kisha amweleze mwenye mali ni wapi penye ufa, aitweje kwa Kiswahili? Wengine humwita haka. Wengine humwita mdukuzi mwema, au mdukuzi mwadilifu. Wako pia wanaomwita mtaalamu wa usalama wa mtandao, na hapo huishia, pasipo kueleza ni utaalamu gani huo.

Tuchukue mfano wa nyaraka mbili zinazoweza kufika siku moja mezani kwa mtafsiri mmoja. Ya kwanza ni tangazo la kazi: benki yatafuta mtu wa kujaribu kuingia katika mifumo yake kama mwizi angavyoingia. Ya pili ni hati ya mashtaka: mtu ameingia katika mfumo wa benki na kuchota fedha za wateja. Katika lugha zilizotumiwa kuandikia nyaraka hizo, neno linaloweza kutumika kwa watu hao wawili ni moja. Mtafsiri akiandika "mdukuzi" mahali pote pawili, kamusi haitamlaumu. Lakini msomaji wa tangazo atashangaa benki kutafuta mhalifu, na wakili wa utetezi aweza kusimama na kusema kwamba mdukuzi ni cheo cha kazi.

Jambo hili si la mzaha. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya inayo sheria yake juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Zaidi ya hayo, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo neno likichaguliwa vibaya, kinachoharibika si uzuri wa sentensi peke yake. Mtu asiye na hatia aweza kuingizwa kizimbani kwa jina, na mwenye hatia aweza kujifunika kwa jina hilo hilo. Katika makala haya tumekusudia kueleza kazi yenyewe ilivyo, kwa kuwa hatuwezi kukipa jina kitu tusichokijua. Kisha tupime majina yaliyopo, na mwisho tutoe mapendekezo yetu.

1. Asili ya maneno haka na mdukuzi

Neno haka limetoka Marekani. Katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, wanafunzi wa chuo cha MIT waliokuwa katika chama cha kuunda reli za mfano walilitumia neno hilo kumsifu mtu mwenye ustadi wa kutengeneza jambo gumu kwa njia ya mkato na ya werevu. Walipoingia katika vyumba vya kompyuta waliingia nalo. Haikuwa aibu mtu kuitwa hivyo, ilikuwa heshima. Katika miaka ya 1980 magazeti yalianza kulitumia neno hilo kwa vijana walioingia katika kompyuta za watu bila ruhusa, na tangu hapo maana ya pili ikaifunika ya kwanza machoni pa umma, ingawa wenye fani hawakuiacha kamwe ile ya kwanza.

Kiswahili hakikupitia njia hiyo. Kitenzi dukua, pamoja na ndugu yake dukiza, vyote vina harufu ya mtu anayetega sikio mlangoni ili asikie yasiyomhusu. Waundaji wa istilahi walipokichukua kitenzi hicho na kukipeleka katika kompyuta walifanya uteuzi mzuri, kwa maana kiini cha tendo kimo ndani yake: siri ya mwingine, na kuingia pasipo kukaribishwa. Lakini ni lazima tukubali kwamba tulichukua nusu moja tu ya neno la kigeni, ile nusu mbaya. Haka aweza kusifiwa au kulaumiwa. Mdukuzi hulaumiwa tu. Ndiyo sababu "mdukuzi mwema" husikika masikioni mwetu kama kusema "mwizi mwaminifu".

2. Kazi hii ilivyoanza

Wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya juzi. Mbegu yake ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwezi Juni mwaka 1903, mjini London, mtaalamu John Ambrose Fleming alikuwa akiwaonyesha watu maajabu ya simu ya upepo ya Guglielmo Marconi, ambaye alikuwa amedai kwamba mawasiliano yake hayangeweza kuingiliwa na mtu. Kabla ya ujumbe uliotazamiwa kufika, chombo kikaanza kupokea maneno ya dhihaka yaliyorudiwarudiwa. Aliyeyatuma alikuwa Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe na mjuzi wa mitambo, ambaye hakukana. Alieleza gazetini kwamba alikusudia kuufunulia umma udhaifu uliofichwa. Lakini inafaa tukumbuke kwamba Maskelyne alikuwa ametumwa kazi na kampuni ya simu za waya, ambayo biashara yake ilitishwa na uvumbuzi wa Marconi. Kampuni ya kundi hilo hilo ndiyo iliyofikisha waya wa baharini Zanzibar mwaka 1879. Je, Maskelyne alikuwa mwadilifu? Wako waliosema ndiyo, wako waliosema hapana. Tutalirudia swali hili baadaye.

Kazi yenyewe, kwa maana ya kazi ya mshahara, ilizaliwa katika jeshi la Marekani. Kompyuta moja ilipoanza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, wakuu wa jeshi waliogopa kwamba mtumiaji mmoja angeweza kusoma siri za mwingine. Mwaka 1972 James P. Anderson aliliandikia Jeshi la Anga mpango wa uchunguzi wa jambo hilo, na mwaka 1974 maofisa wawili, Paul Karger na Roger Schell, walitoa ripoti ya jaribio lao dhidi ya mfumo wa Multics, mmoja wa mifumo iliyosifiwa sana kwa ulinzi siku zile. Walipenya. Tena walionyesha kwamba mtu aweza kupandikiza mlango wa siri ndani ya programu, ukakaa humo pasipo mwenye mfumo kuuona. Somo lao ni fupi: aliyejenga nyumba si shahidi wa kutosha juu ya uimara wa milango yake.

Mnamo tarehe 2 Novemba 1988 programu moja iliyojisambaza yenyewe, iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Tappan Morris, ililemaza maelfu ya kompyuta za intaneti ya wakati ule. Morris alitiwa hatiani mwaka 1990, na kituo cha kwanza cha kuratibu uokozi wa mitandao kikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1993 Dan Farmer na Wietse Venema waliandika makala wakiwashauri wasimamizi wa kompyuta wajaribu kuvunja mifumo yao wenyewe ili kuiimarisha. Watu wengi walishtuka. Lakini kabla ya miaka ya 1990 kwisha, makampuni makubwa yalikuwa tayari yakiuza huduma hiyo kwa wateja, na jina la "haka mwadilifu" likawa limeshika.

3. Kazi ilivyo hivi leo

Tukiiangalia kazi hii kwa karibu, twaona kwamba haifanani na picha ya sinema ya kijana aliyejifungia chumbani usiku. Inayo hatua zinazojulikana, na kila hatua yadai maneno yake.

Kwanza ni mapatano. Mwenye mfumo na mpimaji huandikiana ni mashine zipi zitakazojaribiwa, saa ngapi, kwa njia zipi, na nani apigiwe simu pakitokea ajali. Pili ni upelelezi: mpimaji hukusanya yale yanayopatikana hadharani, kama vile majina ya watumishi, anwani za barua pepe na aina ya programu zinazotumika. Tatu ni kupekua, yaani kugonga kila mlango wa mfumo ili kujua upi umefungwa na upi umeegeshwa tu. Nne ni kupenya kwenyewe. Tano ni kuchunguza jinsi mwizi angeweza kwenda mbali baada ya kupenya: je, aliyeingia kwa nywila ya karani aweza kufika kwenye hazina? Sita ni kuandika ripoti. Saba ni kurudi baada ya ufa kuzibwa ili kuhakikisha kwamba umezibwa kweli.

Walioifanya kazi hii watakwambia kwamba hatua ya sita ndiyo inayotenganisha mpimaji na mdukuzi wa kawaida. Mwizi hahitaji kueleza. Mpimaji hulipwa kwa ajili ya maelezo: ni lazima aandike kwa lugha ambayo fundi ataitumia kutengeneza, na mkurugenzi ataielewa ili atoe fedha za matengenezo. Kwa hiyo, kinyume cha inavyodhaniwa, kazi hii ni kazi ya lugha kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo walimu wetu wa Kiswahili na wa sayansi wanapokutana.

Aidha, si kila mlango ni wa mashine. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeujua ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Anayeutuma havunji programu yoyote. Huvunja uangalifu wa mtu. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hadaa za aina hiyo zimekuwa mlango mkubwa wa wizi. Mpimaji mzuri hujaribu mlango huo pia: huwapigia watumishi simu akijifanya fundi, au huwatumia barua ya uongo, ili ofisi ijue ni wangapi wanaohitaji mafunzo.

Kuhusu mshauri wa ulinzi wa taarifa, huyu aghalabu ni mpimaji aliyekomaa. Haulizi tu kama mlango wafunguka. Huuliza kwa nini mlango uliwekwa hapo, nani ana ufunguo, na ofisi itafanya nini siku itakapoibiwa. Njia ya kuifikia kazi hiyo huanzia mara nyingi katika usimamizi wa mitambo au uandishi wa programu. Ziko shahada za vyuo na ziko hati za vyama vya wataalamu, ambazo waajiri huzitaka. Lakini wenye fani hupima mtu kwa yale aliyoyagundua na kwa jinsi alivyoyaeleza.

4. Mfano wa maisha ya kazi moja

Ili haya yasibaki hewani, tutazame maisha ya mtu mmoja anayejulikana hadharani. Peiter Zatko, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1970, alisomea muziki katika chuo cha Berklee. Katika miaka ya 1990 alikuwa katika kikundi cha L0pht mjini Boston, ambacho kilichunguza dosari za programu na kuzitangaza. Mwaka 1995 aliandika maelezo juu ya jinsi programu inavyoweza kutekwa kwa kujazwa data kupita uwezo wa nafasi iliyotengewa, na maelezo hayo yakawa kama kitabu cha darasa kwa waliomfuata.

Tarehe 19 Mei 1998 yeye na wenzake sita waliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Walijitambulisha kwa majina yao ya kupanga, na wakasema kwamba wangeweza kuifanya intaneti isitumike kwa muda wa dakika 30. Hawakukamatwa, walisikilizwa. Mwaka 2000 kikundi chao kikaungana na kampuni ya ushauri. Kuanzia mwaka 2010 Zatko aliitumikia DARPA, idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi, ambako alianzisha mpango wa kuwapa fedha kwa haraka watafiti wadogo wadogo. Baadaye alifanya kazi katika makampuni makubwa, na mwishoni mwa mwaka 2020 akawa mkuu wa ulinzi wa Twitter. Aliondolewa mwezi Januari mwaka 2022. Mwaka huo huo alifikisha malalamiko serikalini akidai kwamba ulinzi wa kampuni hiyo ulikuwa na upungufu mkubwa, madai ambayo kampuni iliyakana, na tarehe 13 Septemba 2022 akaketi tena mbele ya maseneta kutoa ushahidi.

Tujiulize sasa: mtu huyu tumwite nani? Katika miaka yake ya mwanzo alikuwa haka kwa maana ya zamani, yaani fundi mwerevu. Kisha akawa mtafiti wa dosari, kisha mshauri, kisha mtumishi wa serikali, kisha mkuu wa idara, kisha shahidi. Mdukuzi, kwa maana ya Kiswahili, hakuwa. Jina moja halitoshi kuifunika safari yote hiyo, na mtafsiri anayetafuta neno moja la kuitumikia safari yote atakuwa akiusaka mwezi ndani ya kisima.

5. Idhini ndiyo mpaka

Sasa turudi kwa Maskelyne. Tukimpima kwa uadilifu, mjadala hauishi, kwa sababu uadilifu u moyoni mwa mtu na sisi hatuna kipimo cha moyo. Tukimpima kwa idhini, jibu lapatikana mara moja: hakupewa. Sheria nazo hutazama huko huko. Sheria ya Tanzania yakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Sheria ya Kenya yatazama kama aliyeingia alijua kwamba hakuruhusiwa. Hakuna inayouliza kama aliyeingia alikuwa mtu mwema.

Tena idhini yenyewe yapasa iandikwe kwa maneno yasiyo na utata. Usiku wa tarehe 11 Septemba 2019, wapimaji wawili waliingia katika jengo la mahakama ya wilaya ya Dallas, jimboni Iowa, Marekani. Walikuwa wameajiriwa na uongozi wa mahakama za jimbo ili kupima ulinzi, na walikuwa na barua. Kengele ilipolia hawakukimbia. Waliwangoja askari na kuwaonyesha barua hiyo. Walakini mkuu wa polisi wa wilaya aliona kwamba jengo ni mali ya wilaya, na kwamba wakuu wa jimbo hawakuwa na mamlaka ya kuruhusu livunjwe. Wapimaji hao walilala rumande wakashtakiwa kwa kuvunja jengo. Mashtaka yalifutwa mwezi Januari mwaka 2020. Katika mkasa huo hapakuwa na mwizi. Palikuwa na swali moja tu ambalo barua haikulijibu: nani ana haki ya kuidhinisha nini?

Wako pia watafiti wasioingia katika mfumo wa mtu yeyote. Mwaka 2008 Dan Kaminsky aligundua dosari katika mfumo wa majina ya intaneti, ule unaoiambia kompyuta tovuti fulani ipo mashine gani. Dosari hiyo ingemwezesha mhalifu kuwapeleka watu kwenye benki ya uongo huku wakidhani wapo kwenye ya kweli. Kaminsky hakuitangaza. Aliwaeleza watengenezaji kwa siri, nao tarehe 8 Julai 2008 wakatoa viraka kwa pamoja. Huyu si mdukuzi hata kwa idhini; ni mtafiti wa dosari. Kumchanganya na wengine ni kumdhulumu.

6. Majina yaliyopo yapimwe

Jina haka ni fupi, lakini kwa Kiswahili halina ukoo. Hatuwezi kulinyambua likatupa tendo na mtendwa, kama dukua inavyotupa udukuzi, dukuliwa na dukuliana. Fauka ya hayo, ule uwili wa maana uliomo katika lugha ya asili utatufuata huku.

Mdukuzi mwadilifu lina kasoro tuliyokwisha kuieleza: lahukumu tabia mahali ambapo sheria yahukumu idhini. Tena humwachia kila mvamizi mlango wa kujisifu kwamba nia yake ilikuwa njema.

Yuko aliyeshauri tutofautishe mdukuzi na mdukuaji, kama tutofautishavyo msomi na msomaji. Shauri hili lina akili ya sarufi, lakini tofauti ya silabi moja haifai kubeba tofauti ya jela na mshahara. Karani wa mahakama akisikia vibaya mara moja, yote yamepotea.

Mkaguzi wa mifumo ni jina zuri, ila lina mwenyewe. Mkaguzi katika utumishi wetu ni mtu anayelinganisha yaliyofanyika na yaliyoandikwa. Anayejaribu kuvunja mlango hafanyi ukaguzi wa namna hiyo. Na ofisi nyingi huwahitaji wote wawili.

Kuhusu majina ya rangi, tungependa watafsiri waepuke tafsiri ya neno kwa neno. Wamarekani husema "kofia nyeupe" na "kofia nyeusi" kwa sababu katika sinema zao za wachunga ng'ombe mtu mwema huvaa nyeupe na mbaya nyeusi. Kwetu kofia nyeupe ni ya kanzu na ya Ijumaa, na haina kofia nyeusi ya kushindana nayo. Vivyo hivyo wale wanaokiita kikosi cha wapimaji "timu nyekundu": mjini Dar es Salaam wasikilizaji watauliza Simba inacheza na nani.

Pendekezo letu ni mpima ulinzi. Umbo lake si geni, kwa maana mpima ardhi yumo katika utumishi wetu siku nyingi, na hakuna anayemdhania kuwa mnyang'anyi wa viwanja. Laeleza tendo na kitu kinachotendwa. Laweza kunyambuliwa: kupima ulinzi, upimaji wa ulinzi, kipimo cha ulinzi. Pale ambapo msomaji aweza kudhani kwamba wanapimwa walinzi wa lango, iandikwe "mpima ulinzi wa kompyuta" mara ya kwanza, na baadaye lifupishwe. Katika maandishi ya kueleza, hasa magazetini na shuleni, "mdukuzi kwa idhini" laweza kutumika, maana lauweka mpaka mahali pake. Lakini "mdukuzi" likisimama peke yake libaki kwa mvamizi.

7. Maneno jirani

Neno usalama lahitaji uangalifu. Usalama ni hali. Ulinzi ni kazi inayofanywa ili hali hiyo ipatikane. Zaidi ya hayo, katika masikio ya Watanzania "mtu wa usalama" ni mtu wa idara inayojulikana, na mshauri anayejitambulisha hivyo kijijini hatapata majibu ya kweli. Kwa hiyo twapendelea "mshauri wa ulinzi wa taarifa". Na kwa kuwa "taarifa" ina maana pia ya maelezo yatolewayo kwa mkuu, ile hati ya mpimaji iitwe ripoti, ili tusilazimike kuandika "taarifa ya ulinzi wa taarifa".

Jambo jingine: "ulinzi wa taarifa binafsi", kama lilivyo katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2022, ni ulinzi wa haki ya mtu juu ya habari zinazomhusu. Ulinzi wa taarifa kwa ujumla ni pamoja na hesabu za benki, michoro ya mitambo na siri za serikali. La kwanza lategemea la pili, lakini si kitu kimoja.

Mwisho, "ukuta-moto". Jina la asili halimaanishi ukuta unaowaka. Lamaanisha ukuta unaojengwa kati ya vyumba ili moto usivuke. Kiungo hicho cha jina kimechanganya wengi. "Ukuta-kinga" laeleza zaidi.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Mdukuzi: aingiaye katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila idhini.
Mpima ulinzi: ajaribuye kuvunja ulinzi wa mfumo kwa idhini ya mwenye mfumo, ili audhihirishe udhaifu wake.
Mtafiti wa dosari: achunguzaye makosa ya programu na kuwaarifu watengenezaji.
Mshauri wa ulinzi wa taarifa: atoaye maongozi juu ya jinsi ofisi itakavyolinda taarifa zake.
Jaribio la kupenya: upimaji wa ulinzi kwa kutumia njia za mvamizi.
Hati ya idhini: barua itajayo mifumo, muda, mipaka na mwenye mamlaka ya kuruhusu.
Udhaifu: mahali katika mfumo panapoweza kupenywa, kwa mfano, ufa wa ukuta.
Tishio: mtu au jambo liwezalo kuutumia udhaifu, kwa mfano, mwizi mtaani.
Hatari: kadiri ya hasara itazamiwayo, pakiwapo udhaifu na tishio kwa pamoja.
Hadaa: kumdanganya mtu ili atoe siri au fedha, pasipo kuvunja mashine.
Kiraka: kipande cha programu cha kuzibia dosari.
Zawadi ya ugunduzi: malipo ayapatayo mtafiti kwa kuarifu dosari. Neno "bakshishi" liepukwe, kwa harufu yake ya rushwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kazi hii tuliyoieleza, kabla ya kuziba ni lazima ufa uonekane, na anayeuonyesha hastahili kufungwa pamoja na aliyepita humo kuiba. Mapendekezo haya si amri. Wasomaji wanaotafsiri mikataba, wanaofundisha kompyuta au wanaoandika mashtaka watayajaribu katika kazi zao za kila siku, nao twawaomba watuandikie ni wapi yamefaa na ni wapi yamekwama, ili orodha itakayofuata iwe bora kuliko hii.